Kabla Chipukizi Halijatoka Shambani: Mwongozo wa Kugawana Faida ya Mbegu za Asili Rungwe

Ndizi zinazopakiwa Kiwira kwenda Mbeya mjini, Dodoma na Dar es Salaam zina bei. Mkulima na mnunuzi huvutana juu ya mkungu mmoja mmoja, dalali huchukua chake, halmashauri hutoza ushuru. Lakini migomba hiyohiyo ina mali nyingine inayoweza kuondoka bila bei wala risiti: sifa zake za kurithi. Mgomba unaovumilia baridi ya miinuko ya Rungwe, harage linaloiva haraka, shina la parachichi lisilooza mizizi kwenye udongo uliolowa, vyote hivyo ni mali ghafi ya makampuni ya mbegu, dawa, vipodozi na vyakula.

Sheria za kimataifa na za nchi yetu zinasema kwamba anayepata faida kutokana na sifa hizo anapaswa kugawana faida hiyo na waliozitunza. Tatizo ni kwamba haki hiyo haijileti yenyewe shambani. Inadaiwa kwa karatasi, na karatasi hiyo inatakiwa iwepo kabla chipukizi halijang'olewa. Makala hii inaeleza namna ya kujiandaa, kwa ajili ya wakulima, viongozi wa vijiji na vikundi vya wilaya ya Rungwe.

Kinachochukuliwa ni nini hasa

Mtafiti wa vinasaba hahitaji gunia. Anakata kipande cha jani changa cha mgomba, kikubwa kama kiganja, anakiweka kwenye kifuko chenye chembechembe za kukausha unyevu, anaandika juu yake jina la aina, kijiji, tarehe na vipimo vya mahali alivyosoma kwenye simu. Kipande hicho kinatosha kusomwa maabara. Akitaka kuuotesha mmea wenyewe, chipukizi moja linatosha, kwani maabara ya chupa inaweza kulizalisha kuwa maelfu ya miche. Kwa maharage, konzi moja inatosha.

Kinachochukuliwa pamoja na jani ni maelezo. Mama anayesema kwamba aina hii haishikwi na ukungu wakati wa masika, au kwamba ile inapondeka vizuri kwa mbalaga lakini haifai kuiva, anampunguzia mtafiti miaka ya kujaribu. Maarifa hayo nayo yanalindwa. Itifaki ya Nagoya, ambayo tutaieleza hapa chini, inayataja waziwazi: maarifa ya jadi yanayohusu rasilimali za kijenetiki hayatumiki bila ridhaa ya jamii yenye maarifa hayo.

"Lakini ndizi si ya kwetu kwa asili"

Hoja hii hutolewa mara kwa mara ili kuwanyamazisha wakulima. Ni kweli kwamba ndizi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, na maharage, mahindi na viazi vilitoka Amerika. Lakini Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania ni mwanachama, unasema kwamba kwa mazao yaliyofugwa na binadamu, mahali pa asili panapohesabiwa ni mazingira ambamo mmea ulipata sifa zake za kipekee. Ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki zilipata sifa zake hapa, mikononi mwa wakulima waliochagua, wakapanda na wakaacha zisizofaa kwa vizazi vingi. Mwinuko wa Rungwe, kuanzia mabonde ya joto yanayoelekea Kyela hadi kilele cha mlima chenye karibu mita 2,960, umewapa wakulima hao hali nyingi za hewa za kuchagulia.

Thamani yake duniani imeonekana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Cavendish, ndizi inayotawala biashara ya kimataifa, ina undugu wa karibu na makundi ya ndizi ya Mchare na Mlali yanayopatikana Afrika Mashariki na Komoro. Ua la Usambara, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, limekuwa biashara ya maua ya chungu duniani kote. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kudai chochote. Sasa ipo.

Njia tatu za kisheria, na zao lako liko wapi

Kosa la kwanza linalowaponza watu ni kudhani mazao yote yana sheria moja. Yanagawanyika.

*Njia ya kwanza: Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo.* Ulipitishwa mwaka 2001 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ukaanza kutumika 2004, na Tanzania ni mwanachama. Una orodha ya mazao 64 ya chakula na malisho ambayo nchi zimekubaliana kuyabadilishana kwa urahisi kwa ajili ya utafiti, uzalishaji wa mbegu mpya na mafunzo. Katika mazao yetu, orodha hiyo ina ndizi, maharage, mahindi, viazi mviringo, viazi vitamu, magimbi, ulezi, mpunga na mihogo.

Anayechukua mbegu kwa njia hii husaini mkataba wa kawaida ulio sawa kwa wote. Akitengeneza aina mpya na kuifungia wengine wasiitumie kwa utafiti, kwa mfano kwa kuikatia hataza, hulipa asilimia 1.1 ya mauzo baada ya kuondoa asilimia 30 ya kiasi hicho. Kwa mauzo ya Sh100 milioni, asilimia 1.1 ni Sh1,100,000. Ukiondoa asilimia 30 inabaki Sh770,000. Asipowafungia wengine, malipo ni ya hiari. Na fedha hizo haziji moja kwa moja kijijini. Huingia kwenye Mfuko wa Kugawana Faida ulio chini ya mkataba huo, ambao hutoa ruzuku kwa miradi ya wakulima wanaotunza aina za mazao. Kijiji au kikundi hufikia mfuko huo kwa kushirikiana na taasisi kama Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) au Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kilichopo Arusha.

Zingatia hili: urahisi huo wa kubadilishana unahusu mbegu zilizo chini ya usimamizi wa serikali na zisizo na hakimiliki, kama zile za kwenye benki ya mbegu Arusha. Mgomba uliosimama nyuma ya nyumba yako haujaingia humo kwa sababu tu ndizi imo kwenye orodha. Anayeutaka bado anafuata sheria za nchi, na bado anakuomba wewe.

*Njia ya pili: Itifaki ya Nagoya.* Ilipitishwa Oktoba 2010, ikaanza kutumika Oktoba 2014, na Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2018. Humo ndimo yanamoingia mazao yasiyo kwenye orodha ya 64: kahawa, chai, kakao, parachichi, mboga za kienyeji kama mchicha na mnavu, na miti ya dawa. Humo pia huingia zao la kwenye orodha likitakiwa kwa kazi isiyo ya chakula wala kilimo; ndizi inayotafutiwa dawa au kipodozi hupita njia hii. Nagoya inataka mambo mawili: ridhaa inayotolewa kabla ya kazi na baada ya watu kuelezwa kila kitu, na mkataba wa masharti ambayo pande zote mbili zimeyakubali.

Chukua mfano wa parachichi, zao lililobadilisha mapato ya kaya nyingi za Tukuyu. Hass yenyewe si ya kudai. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1935 na muda wake ulikwisha zamani. Lakini kikonyo cha Hass hubebeshwa juu ya shina lililooteshwa kutoka kokwa la parachichi la kienyeji. Shina la kienyeji litakalobainika kuhimili ugonjwa wa kuoza mizizi litatafutwa na vitalu vya nchi nyingi. Mwenye mti huo wa kienyeji, na kijiji chake, wana cha kuzungumza mezani.

*Njia ya tatu: taarifa za vinasaba zilizo kwenye kompyuta.* Kampuni nyingi hazihitaji tena mmea. Hupakua mpangilio wa vinasaba uliokwisha kusomwa. Ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikubaliana mjini Cali, Colombia, mwaka 2024 kuanzisha Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025. Makampuni makubwa yanayonufaika na taarifa hizo yanatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha imelengwa kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Michango hiyo haina nguvu ya lazima kama kodi, kwa hiyo msiuhesabu mfuko huo kwenye bajeti ya kijiji.

Juu ya njia zote tatu ipo Sheria ya mwaka 2017 ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, ambayo imeweka rasilimali za kijenetiki miongoni mwa utajiri wa asili wa Watanzania. Maana yake kwa mkulima ni kwamba hawezi peke yake kuuza haki za aina ya mgomba ambayo kaya mia zinayo. Na mwekezaji naye hawezi kusema alikubaliana na mtu mmoja kwa soda na nauli.

Yaliyowapata wengine

*Tefu ya Ethiopia.* Mwaka 2005 Ethiopia iliingia mkataba na kampuni ya Uholanzi iliyotaka kutumia nafaka ya tefu, na mkataba huo ulisifiwa sana kwa ahadi zake. Kampuni ikapata hataza Ulaya juu ya usindikaji wa unga wa tefu, kisha mwaka 2009 ikafilisika. Hataza zilibaki kwa kampuni nyingine ambazo hazikufungwa na mkataba. Ethiopia haikuambulia karibu chochote, na ni mwishoni mwa 2018 ndipo mahakama ya The Hague ilipobatilisha hataza hiyo kwa upande wa Uholanzi. Funzo: andikeni kwamba masharti yanamfuata kila atakayerithi, kununua au kupewa kampuni hiyo au haki zake.

*Maharage ya njano ya Mexico.* Mmarekani mmoja alinunua mfuko wa maharage Mexico mwaka 1994, akachagua punje za njano, na mwaka 1999 akapewa hataza Marekani. Akaanza kuwadai malipo waagizaji wa maharage ya njano kutoka Mexico. Kituo cha utafiti cha CIAT kilipinga, kikaonyesha kwamba aina hizo zilikuwa zikilimwa na kuhifadhiwa miaka mingi. Hataza ilifutwa mwaka 2008 na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2009. Anayelima harage la njano Rungwe na ajue kwamba kilichowaokoa wenzake ni kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya ugomvi.

*Rooibos ya Afrika Kusini.* Hawa walifanikiwa. Wakhoi na Wasan walijipanga kwa sauti moja, wakajadiliana na sekta nzima ya rooibos, majani yanayonywewa kama chai, na mwaka 2019 wakakubaliana tozo ya asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Malipo ya kwanza, zaidi ya randi milioni 12, yalitoka mwaka 2022. Walidai kwenye bei ya shambani, ambayo ni rahisi kuhakiki, badala ya kusubiri "faida" ambayo mhasibu anaweza kuiyeyusha.

Mgeni akifika kijijini

Mpokee kwa heshima na umpeleke ofisi ya mtendaji kabla ya kumpeleka shambani. Watafiti wengi wana nia njema na kazi zao zinatufaa. Mtafiti mwema hatachukia maswali haya:

1. Ametumwa na taasisi gani, na nani anagharamia kazi? Kama anatoka nje ya nchi, kiko wapi kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)?
2. Ana barua ya mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya?
3. Anachukua nini: chipukizi, mbegu, jani, udongo, picha, maelezo? Kiasi gani?
4. Ni utafiti wa kitaaluma tu au una lengo la biashara? Lengo likibadilika, atarudi kuomba ridhaa upya?
5. Sampuli zitahifadhiwa wapi, na nani mwingine atapewa?
6. Taarifa za vinasaba zitawekwa kwenye intaneti? Jina la kijiji litaandikwa humo?
7. Mimea ikitoka nje ya nchi, ana cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka inayohusika, TPHPA?

Majibu yaandikwe, yasainiwe, na nakala yenye muhuri ibaki kijijini. Kama hana barua, hakuna ubaya kumwambia arudi akiwa nayo. Swali la saba lina faida ya pili: machipukizi yanayozunguka ovyo ndiyo yanayosambaza mnyauko bakteria wa migomba, na panga lisilosafishwa linatosha kuuhamisha kutoka shamba hadi shamba.

Mkataba uwe na nini

Halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria: inaweza kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Isisaini jambo la mbegu kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na muhtasari wa mkutano uambatishwe. Mwombeni afisa sheria wa halmashauri ya wilaya ausome mkataba. Vipengele vya msingi ni hivi:

- Mkataba uwe kwa Kiswahili. Kama kuna nakala ya Kiingereza, itajwe ipi inatawala panapotokea mgongano.
- Majina ya aina kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, idadi ya sampuli, na mahali zilipochukuliwa.
- Matumizi yanayoruhusiwa, na katazo la kumpa mtu wa tatu bila ridhaa mpya.
- Wakulima wabaki huru kupanda, kubadilishana na kuuza aina hiyo, hata kama mtu atapata haki juu ya kitu kilichotokana nayo.
- Malipo yahesabiwe kwenye mauzo, pamoja na malipo ya awali kwa hatua zinazoonekana, kama kusajiliwa kwa aina mpya.
- Taarifa ya kila mwaka kwa kijiji, hata mwaka usio na mauzo.
- Masharti yamfunge mrithi wa kampuni.
- Ugomvi usuluhishwe wapi, na kwa sheria ya nchi gani. Andikeni Tanzania.

Msiwaze fedha peke yake. Kutoka sampuli hadi bidhaa sokoni huchukua miaka mingi, na sampuli nyingi haziuzi kitu kamwe. Faida zisizo za fedha huja mapema na huwa za uhakika zaidi: miche safi iliyozalishwa maabara na kurudishwa kijijini, majaribio yanayofanyika kwenye mashamba ya wakulima, mafunzo kwa vijana wenu, matokeo kusomwa kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha inayoeleweka, na jina la kijiji kutajwa. Rungwe ina mfano wa karibu. Ndizi chotara zilizotokana na migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kazi ya taasisi za utafiti wa kilimo NARO ya Uganda na IITA, zilijaribiwa pia wilayani humu kabla ya TARI kutoa aina nne za TARIBAN mwaka 2021. Mkulima aliyeonja, akalinganisha na akatoa maoni katika majaribio ya namna hiyo amechangia, na ana haki ya kuuliza miche bora itamfikia lini na kwa bei gani.

Kugawana ndani ya kijiji

Fedha ikifika, ugomvi unaweza kuwa mkubwa kuliko ule wa kampuni. Kubalianeni mapema. Mwenye shamba lililotoa sampuli alipwe fidia ya mmea na muda wake. Waliotoa maarifa watambuliwe kwa majina, na hapa akina mama wasisahaulike, kwa kuwa katika kaya nyingi ndio wanaochagua na kuhifadhi mbegu za maharage. Kinachobaki kiende kwenye akaunti ya pamoja kwa kazi inayohusu mbegu zenyewe: ghala la mbegu, shamba la kuhifadhia aina za migomba, kitalu. Aina ikiwa inalimwa na vijiji vingi, ni busara mfuko uwe wa kata au wa ushirika. Mapato na matumizi yasomwe kwenye kila mkutano mkuu.

Daftari la mbegu: kazi ya msimu huu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi isiyohitaji mfadhili ni kuandika mlicho nacho. Kila kitongoji kiwateue watu wawili, mmoja mwenye umri na mmoja kijana mwenye simu. Kwa kila aina waandike jina, alama za kuitambua, mwinuko na udongo inapopenda, matumizi, nguvu na udhaifu wake, kaya zinazoilima, na tangu lini inakumbukwa. Wapige picha ya mmea, ua, tunda na mbegu. Ukurasa usainiwe na kugongwa muhuri wenye tarehe, na nakala iwekwe kwa afisa kilimo wa kata.

Daftari hilo linaweza kuwa na uzito kisheria. Chini ya sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa mbegu mpya, aina hupewa ulinzi ikiwa ni mpya na inatofautiana na aina zote zinazojulikana. Tanzania iko kwenye UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015, na ulinzi huo hudumu miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu. Aina iliyoandikwa kwenye daftari lenu kwa tarehe inayothibitika ni rahisi kuonyesha kwamba ilikwisha kujulikana. Mtu akijaribu kuisajili kama yake, mna ushahidi wa kupinga. Maarifa nyeti, kama matumizi ya dawa, yaandikwe kwenye kurasa za siri zisizotolewa nakala bila ridhaa ya mkutano.

Msichopaswa kuogopa

Kumpa jirani au mkwe chipukizi ni desturi, na Itifaki ya Nagoya yenyewe inataka nchi zisizuie jamii kubadilishana mbegu kwa mila zao. Kuuza ndizi au maharage ya kula sokoni hakuhitaji mkataba wowote. Kupanda TARIBAN au mbegu ya TARI Uyole hakuwanyang'anyi aina zenu, mradi mbakize vichaka vya aina zenu. Anayetaka kuuza mbegu kama mbegu amwone afisa kilimo na taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, kwani upo utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora unaoruhusu wakulima wadogo kuzalisha na kuuza katika eneo lao.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila robo mwaka. Mwombeni mwenyekiti aweke ajenda mbili kwenye mkutano ujao: kuteua waandishi wa daftari la mbegu, na kupitisha kwamba hakuna sampuli ya mmea inayotoka kijijini kwa utafiti au biashara bila barua, majibu ya maandishi na ridhaa ya mkutano. Azimio hilo la pili likishaandikwa kwenye muhtasari, halmashauri ya kijiji iligeuze kuwa sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Kijiji kilichofanya hivyo kitazungumza na mtafiti wa kwanza na kampuni ya kwanza kikiwa na la kusema na karatasi ya kulisimamia.